Barua ya wazi kwa wakufunzi na wahadhiri wasaidizi wa kompyuta

Wanangu,

Marahaba kwenu nyote mlioniamkia. Tangu nistaafu, swali mnaloniletea ni lilelile: "Mzee, nahitaji mapepa mangapi ya utafiti ili nipande cheo?" Hakuna anayeniuliza pepa lenyewe lihusu nini. Hilo ndilo limenikalisha kuandika.

Kuhesabu kupo, sikatai. Ukishamaliza uzamivu ukawa mhadhiri, ngazi za mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa zinategemea sana machapisho. Basi uombeni mwongozo wa kupandisha vyeo wa chuo chenu mara tu mnapoajiriwa, muusome wote. Wengi huufungua siku ya kujaza fomu, ndipo wanapogundua kwamba kazi zao nyingine hazihesabiki.

Na hapo fani yetu ina kisa chake. Wenzetu wa kemia au historia heshima yao iko kwenye jarida. Kwetu sisi kazi nzito nyingi huenda kwenye mkutano: pepa zima huhakikiwa, mengi hukataliwa, na kwenye mikutano mikubwa likikubaliwa lina hadhi ya jarida zuri. Sasa kaa mbele ya kamati yenye mwanasheria, bwana kilimo na daktari, uwaeleze hivyo! Wakisikia mkutano wanawaza posho na begi la bure. Msigombane nao. Ipelekeni kazi mkutanoni, ipigwe maswali, kisha muipanue kwa majaribio mapya na uthibitisho kamili, muitume kwenye jarida huku mkisema wazi kwamba ni toleo lililopanuliwa. Ndiyo desturi ya fani, wala si udanganyifu.

Ila jarida liwe jarida. Barua pepe inayomwita mhadhiri msaidizi "Mheshimiwa Profesa" na kuahidi kuchapisha wiki ijayo kwa ada ya dola, futeni. Mwaka 2005 wanafunzi watatu wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walitengeneza programu iitwayo SCIgen, inayounga istilahi za kompyuta ovyo hadi likatoka pepa lenye grafu na marejeo. Moja likakubaliwa na mkutano. Mwaka 2014 Springer na IEEE walilazimika kuondoa mapepa zaidi ya 120 ya aina hiyo, na hao ni wachapishaji wakubwa.

Sasa nirudi kwenye swali ambalo hamniulizi, pepa lihusu nini. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta Mholanzi, alipofunga ndoa Amsterdam mwaka 1957 alitaja kazi yake kuwa mtunzi wa programu. Maofisa wakakataa, hawaijui kazi hiyo, ikabidi aandikwe mwanafizikia. Mwaka mmoja kabla, taasisi yake ilikuwa imepata kompyuta mpya, ARMAC, na yeye akitaka tatizo ambalo hata asiyejua kompyuta angelielewa, ili watu waone mashine inaweza nini. Akachagua hili: njia fupi kuliko zote kutoka mji mmoja hadi mwingine ni ipi? Jibu alilipata akinywa kahawa na mchumba wake, bila kalamu wala karatasi. Akalichapisha mwaka 1959 kwa kurasa tatu. Leo mnalifundisha darasani, na itifaki ya OSPF, kanuni wanazofuata vipanga njia vya mtandao, hulitumia kuelekeza data.

Siwaambii mkakae mikahawani. Tazameni lile swali: dereva wa lori analielewa. Kwetu maswali ya namna hiyo yamejaa. Kundi la Masakhane, la watafiti wa lugha za Afrika, lilianza na moja, kwa nini lugha za Afrika zinaishinda mashine kuzitafsiri, likakusanya watu wa nchi nyingi, wengine wasio na vyeo vya chuo kikuu, na mwaka 2020 likatoa pepa lenye makumi ya waandishi. Shikeni swali moja mkae nalo miaka. Pepa la mitandao leo, la afya kesho, la kilimo keshokutwa, kwa kufuata ufadhili tu, litawapa hesabu lakini hakuna atakayejua ninyi ni wataalamu wa nini.

Kuhusu majina kwenye pepa: kwenye tawi la nadharia ya kompyuta hupangwa kialfabeti, kwingine wa kwanza ndiye aliyefanya kazi na wa mwisho mara nyingi ni msimamizi. Kubalianeni mapema, kwa maandishi. Mkubwa ambaye hakuchangia chochote akitaka jina lake liwemo, mshukuruni kwenye shukrani. Najua si rahisi kwa aliye kwenye mkataba wa majaribio.

Kufundisha kutawamaliza, madarasa yetu ni makubwa na mitihani haisahihishwi na malaika. Tengeni asubuhi moja ya wiki ambayo hata mkuu wa idara haipati. Na ushauri elekezi unalipa ada za watoto, sina neno. Ila mfumo wa malipo wa kumi utakaomtengenezea mteja utakufundisha kidogo sana ambacho wa pili haukukufundisha.

Mwenye rasimu aniletee, nina muda. Aje na msimbo na data yake, vinginevyo sisomi. Na wale walioko masomoni nje wanaoniuliza warudi au wasirudi, waanze kwa kusoma mkataba waliosaini na chuo kabla ya kuondoka.

Mzee wenu,
Mhadhiri mstaafu, Dar es Salaam