Barua ya wazi kwa watoto wa mpishi wa wanamaji

Wanangu,

Poleni sana na msiba. Nawaandikia mkiwa bado chini ya turubai kwa sababu wasifu wa marehemu huandikwa usiku, kwa haraka, na anayepewa kalamu ni mwenye mwandiko mzuri, si lazima awe aliyemjua marehemu. Hapo ndipo kazi ya maisha mazima inapogeuka mstari mmoja: "Marehemu aliajiriwa jeshini akiwa mpishi hadi alipostaafu." Kisha msomaji anahamia kwenye ugonjwa. Baba yenu hakustahili mstari mmoja. Andikeni kazi yake.

Anzeni na sufuria. Mtafuteni mtu aliyeshika naye zamu, mmuulize walikuwa wanapikia watu wangapi, halafu pigeni hesabu. Kwa watu 80, ukimkadiria kila mmoja gramu 150 za mchele, ni kilo 12 kwa mlo mmoja. Nyumbani wengi hutia lita mbili za maji kwa kilo na wali unachambuka vizuri. Kipimo hichohicho kwenye sufuria kubwa kinatoa bokoboko, kwa kuwa maji yanayopotea kwa mvuke hufuata upana wa mdomo wa sufuria na muda wa kuchemka, hayaongezeki sawasawa na mchele. Mpishi wa watu wengi hushuka hadi lita moja na nusu kwa kilo, yaani lita 18 badala ya 24. Melini hakuna makaa ya kupalia juu ya mfuniko, kwa hiyo wali hukaushwa kwa kubana mfuniko na kushusha moto mapema. Akichelewa kuushusha, chini panaungua na juu wali bado una kiini.

Sasa ongezeni bahari. Kusi likivuma meli hulala upande huu, ikainuka, ikalala upande wa pili, na jiko linakwenda nayo. Sufuria halijazwi kupita nusu, kwa hiyo zile kilo 12 zinagawanywa masufuria mawili, na kila moja linazuiwa kwa vyuma vilivyo juu ya jiko lisiteleze. Chini ya ubao wa kukatia hutandikwa kitambaa kibichi. Kisu hakiachwi mezani hata kwa dakika moja. Siku kama hiyo mpishi mwenye akili hakaangi samaki kwenye mafuta mengi. Atapika mchuzi mzito au maharage, na mabaharia wakilalamika, walalamike. Mafuta yakishika moto, maji ni adui: huzama chini ya mafuta, lita moja hugeuka takriban lita 1,700 za mvuke, na mvuke huo hurusha mafuta yanayowaka hadi darini. Unazima jiko, unafunika sufuria kwa mfuniko au blanketi la moto, na huliondoi pale lilipo mpaka lipoe. Baba yenu alifanya kazi akiwa na hatari hiyo mbele ya kifua chake, na mkiwaambia waombolezaji hivyo, wataelewa.

Liko jambo ambalo watu hawalioni kabisa. Wali uliopikwa asubuhi ukaachwa kwenye joto la Dar es Salaam hadi jioni unaweza kuwa na sumu ya bakteria, na kuupasha moto hakuiondoi sumu hiyo. Nyumbani ataumwa tumbo mtoto mmoja. Melini wataumwa wa injini, wa usukani na wa redio kwa usiku mmoja, na hakuna wa kuwapokea zamu. Ndiyo maana mpishi hupakua kiporo kwenye sinia pana, kina kifupi, kipoe upesi kabla ya kuingia kwenye friji, na chenye shaka hukimwaga bila kuuliza bei yake. Mkikumbuka baba aliyekuwa mkali nyumbani kuhusu sufuria lililoachwa wazi, hapo ndipo ukali ule ulipotoka. Uandikeni.

Yuko mpishi mmoja wa jeshi la wanamaji ambaye dunia inamjua: Doris Miller wa Marekani, mhudumu wa bwalo katika meli USS West Virginia. Tarehe 7 Desemba 1941, Pearl Harbor iliposhambuliwa, alisaidia kubeba majeruhi, kisha akashika bunduki ya kutungulia ndege ambayo hakuwa amefundishwa kuitumia. Mwaka 1942 alipewa nishani ya Navy Cross. Alifariki Novemba 1943 meli yake nyingine, USS Liscome Bay, ilipozamishwa, wakati huo akiwa na cheo cha mpishi. Anastahili heshima yote hiyo. Lakini naona uchungu kwamba anatajwa kwa bunduki tu, na kazi ya kulisha wenzake haimo. Msimtafutie baba yenu bunduki. Chakula kinatosha.

Kuhusu nyumbani, semeni kweli. Mwanamaji hukosekana Idi, Krismasi, na siku mtoto anapougua. Msiandike kwamba alikuwa nanyi siku zote. Andikeni alichokifanya aliporudi: ada aliyolipa, tofali alizonunua kidogo kidogo, jumapili aliyoingia jikoni mwenyewe. Na mama aliyebaki na nyumba apewe aya yake, kwa jina lake kamili, sio neno "mjane" peke yake.

Tarehe zitawasumbua. Chukueni barua ya ajira na ya kustaafu, msitegemee kumbukumbu za shangazi. JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, hivyo mkiambiwa mzee wa ukoo aliingia JWTZ mwaka 1962, huyo aliingia Tanganyika Rifles, jeshi lililokuwepo kabla ya JWTZ. Sahihisheni kabla ya kusoma, maana wastaafu watakuwepo na watasikia. Safari za meli, idadi ya silaha na mipango ya kambi haviwahusu waombolezaji, viacheni. Mapishi si siri.

Kama ni Waislamu na maziko ni leo hii, msilazimishe. Andikeni taratibu, msome siku ya hitima. Kama mtasoma kabla ya kuaga mwili, kurasa mbili zinatosha, na asome mtu aliyekwishaupitia kwa sauti mara moja. Wenzake wa jikoni watafika kutoa rambirambi, wengine wakivuka na pantoni kutoka Kigamboni, na hawatakaa sana. Mmoja wenu akae karibu na kitabu cha maombolezo, achukue namba zao za simu, awaulize maswali matatu: mlipikia wangapi, alipenda kupika nini, na siku bahari ilipochafuka mlikula nini. Majibu yaandikwe palepale, kwa maneno yao.

Ni mimi mzee wenu,
Dar es Salaam