Kujitegemea si kujitawala

Kwa Mhariri,

Tahariri yako ya wiki iliyopita ilihitimisha kwamba vyuo vikuu vya umma vitapata uhuru wake siku vitakapoacha kupokea ruzuku, kwa hoja kwamba mwenye mfuko ndiye mwenye sauti. Nilifanya kazi miaka 19 katika ofisi ya fedha ya chuo kikuu cha umma ambacho sitakitaja, na pengine ningetarajiwa kuwa wa kwanza kukuunga mkono, maana adha ya kungoja fedha za Hazina naijua. Hata hivyo naona tahariri ilichanganya mambo mawili ambayo Kiswahili chenyewe kimeyatenganisha vizuri, yaani kujitegemea na kujitawala. Chuo kinaweza kujilipia kila kitu na bado kisijitawale, na kinaweza kulipiwa na serikali mishahara, umeme na hata chaki, kikabaki na kauli yake.

Nchi inayoisumbua zaidi hoja yako ni Ujerumani. Wanafunzi wake wengi wanasoma katika vyuo vya umma vinavyogharimiwa hasa na serikali za majimbo 16, na ile ada ya jumla ya hadi euro 500 kwa muhula, ambayo baadhi ya majimbo yaliianzisha baada ya uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa mwaka 2005, ilikuwa imefutwa kote kufikia 2014. Kwa hesabu ya tahariri, maprofesa wa huko wangekuwa makarani wa mawaziri. Lakini ibara ya 5 ya Katiba ya mwaka 1949 inatamka kwamba utafiti na ufundishaji ni huru, na mwaka 1973 Mahakama ya Katiba iliifikisha ibara hiyo hadi ndani ya chumba cha kikao, ilipoamua kwamba katika mambo ya utafiti kauli ya maprofesa ndiyo iwe na uzito wa kuamua, hata kama vikao vinawashirikisha wanafunzi na watumishi wengine.

Upande wa pili tunaye jirani yetu. Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia mapema katika miaka ya 1990, na kabla ya mwongo huo kwisha wanafunzi hao walikuwa wamewazidi kwa idadi wanaofadhiliwa na serikali. Wataalamu wa nje waliisifu kama mfano wa kuigwa Afrika nzima. Tarehe 1 Novemba 2016, wahadhiri wakiwa wamegoma kudai malimbikizo ya posho zao, Rais wa nchi aliagiza chuo kifungwe, nacho kikafungwa hadi Januari iliyofuata. Wazazi waliokuwa wamelipa ada kamili waliwapokea watoto wao nyumbani sawasawa na wale waliosomeshwa na serikali.

Japani nayo ilivitoa vyuo vyake vya taifa wizarani mwezi Aprili 2004, vikawa mashirika yenye hadhi yake ya kisheria na watumishi wake wakaacha kuwa watumishi wa serikali. Miaka iliyofuata ruzuku ya uendeshaji ilipunguzwa kwa takriban asilimia 1 kila mwaka, lakini malengo ya kila kipindi cha miaka sita yaliendelea kuwekwa na waziri. Mwezi Juni 2015 waziri aliviandikia vyuo hivyo 86 akivitaka vichukue hatua kuhusu idara za sayansi za jamii na fani za utu, ama kuzifuta ama kuzigeuza ziwe na manufaa zaidi kwa jamii. Barua hiyo ilizua kelele kubwa na wizara ikalazimika kutoa ufafanuzi. Kinachonishangaza mimi ni kwamba iliandikwa miaka 11 baada ya vyuo kuambiwa kwamba sasa ni huru.

Uingereza ilianza vizuri kuliko wengi. Kuanzia mwaka 1919 fedha za serikali zilipitia kwenye kamati ya ruzuku iliyojaa wanataaluma, ambayo kwa miongo kadhaa iligawa fungu la miaka mitano kwa mkupuo, na chuo kikajipangia chenyewe matumizi. Kamati hiyo ilivunjwa mwaka 1989. Ada ya kikomo cha pauni 9,000 ilipoanza nchini England mwaka 2012, mzigo mkubwa wa kulipia ufundishaji ulihamia kwa mwanafunzi na mkopo wake, na hapo ndipo mtu angetegemea serikali ipunguze kuuliza maswali. Badala yake mwaka 2018 ilianza kazi ofisi mpya ya usimamizi yenye rejista, masharti na uwezo wa kutoza faini. Wala utajiri si kinga. Harvard ilikuwa na akiba ya dola za Marekani zaidi ya bilioni 50 pale serikali ya shirikisho ilipozuia zaidi ya bilioni 2 za utafiti mwezi Aprili 2025. Kilichoisaidia Septemba ya mwaka huo haikuwa akiba hiyo, bali hukumu ya jaji kwamba hatua ile ilikuwa kinyume cha sheria.

Nakubali, Mhariri, kwamba ruzuku inaweza kuwa kamba shingoni. Mwaka mmoja friji kubwa ya maabara yetu iliharibika wakati fungu la matengenezo limekwisha, ilhali fungu la safari za ndani lilikuwa na salio la kutosha kuitengeneza mara tatu. Kuhamisha fedha kutoka kasma moja hadi nyingine kulihitaji kibali cha Hazina. Niliandika barua siku hiyo hiyo. Kibali kilifika wiki mbili baada ya mwaka wa fedha kufungwa, salio likiwa limekwisha kurudishwa. Mwanafunzi mmoja wa uzamivu alipoteza sampuli alizokusanya kwa misimu miwili. Alikuja ofisini kwangu kuuliza safari hizo zilikuwa za nani, nami sikuwa na jibu. Hata hivyo dawa ya ugonjwa ule haikuwa kufuta ruzuku. Dawa ilikuwa kuitoa kwa fungu moja, kwa wakati, na ukaguzi ukaja baada ya matumizi.

Lakini friji si kitu ukilinganisha na jambo ambalo tahariri haikuligusa kabisa, nalo ni viti vya baraza la chuo. Serikali yoyote inayotaka kukishika chuo haihitaji kukilipa, inahitaji kuteua. Hungaria imelionyesha hilo waziwazi. Mwaka 2021 vyuo vingi vya umma vilikabidhiwa kwa wakfu, na ikasemwa kwamba vinatoka mikononi mwa dola. Wadhamini wa kwanza waliteuliwa na serikali hiyo hiyo, baadhi yao wakiwa mawaziri walio madarakani, bila ukomo wa muda, na mrithi wa anayeondoka akichaguliwa na bodi yenyewe. Umoja wa Ulaya uliona tatizo, na Desemba 2022 ukazuia fedha mpya kwa wakfu hizo. Nchini Uturuki, ambako tangu amri ya mwaka 2016 Rais ndiye anayeteua wakuu wa vyuo, uteuzi wa Januari 2021 katika Chuo Kikuu cha Boğaziçi uliwatoa wahadhiri nje. Walisimama uwanjani siku baada ya siku, wamevaa majoho, wameipa mgongo ofisi ya mkuu mpya.

Kuna njia tulivu zaidi, ambayo haimtoi mhadhiri yeyote nje, nayo ni kutoteua kabisa. Muda wa wajumbe wa baraza letu uliwahi kwisha, na orodha mpya haikuja kwa miezi saba. Sheria ilisema baraza ndilo linalopitisha bajeti, linalothibitisha ajira na linalomwajibisha Makamu Mkuu wa Chuo. Bila wajumbe hapakuwa na akidi, na bila akidi hapakuwa na baraza. Kazi haikusimama. Makamu Mkuu alikuwa akipiga simu wizarani, anaeleza jambo, anasikiliza, kisha anatia saini. Hapakuwa na waraka wala muhtasari wa kikao, na mkaguzi alipokuja kuuliza ni nani aliyeidhinisha mkataba fulani wa ujenzi, tulimwonyesha saini moja tu. Katika miezi ile ruzuku ilichelewa kama kawaida na makusanyo ya ada yalikuwa mazuri kuliko mwaka uliotangulia. Kwa kipimo cha tahariri yako, tulikuwa tunaelekea kwenye uhuru.

Ndiyo maana nakuomba waandishi wako, badala ya kuuliza kila chuo kinapata asilimia ngapi kutoka serikalini, waulize maswali yenye tarehe. Wajumbe wa baraza waliteuliwa lini, na nani, na muda wao unakwisha lini? Nani anaweza kumwondoa Makamu Mkuu, kwa sababu zipi zilizoandikwa? Kiti kikibaki wazi kwa siku 90, je, sheria inampa mtu mwingine, seneti kwa mfano, haki ya kukijaza kwa muda? Majibu yake yanapatikana kwenye gazeti la serikali na kwenye sheria ya kila chuo, na hayahitaji mtaalamu wa fedha kuyasoma.

Orodha yetu ilipofika hatimaye, ajenda ya kwanza ya baraza jipya ilikuwa kuridhia maamuzi yote ya miezi saba. Yalikuwa 43, nami ndiye niliyeyachapa. Kikao kilianza saa nne asubuhi, na kabla ya saa tano chai ilikuwa imeshaletwa.

Wako,
Ofisa fedha mstaafu wa chuo kikuu