Shangazi, hata mwenye waya alishukuriwa

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa usiku na usingizi umenikataa. Habari za kamati sitakueleza, kamati za liturujia unazijua. Kilichoniuma ni kitu kidogo, naona haya hata kukiandika. Siku ya Noeli, Misa ya mchana, yalisomwa majina 11 ya watu wa kushukuriwa. Alitajwa hata aliyeazimisha waya wa kipaza sauti.

Kabla hujanicheka, elewa kwamba mimi ndiye niliyekuwa napinga majina. Tangu Dominika ya kwanza ya Majilio, yale majuma ya kungoja Noeli, nilisema shukrani zina mahali pake ndani ya Misa, hatuna haja ya kuzibandika mwishoni. Padre anaposema "Tumshukuru Bwana Mungu wetu" nasi tukajibu "Ni vema na haki", ndiyo hapo. Neno Ekaristi lenyewe, kwa Kigiriki, ni shukrani. Wimbo wa Utukufu ambao haukuimbwa Dominika zote nne za Majilio unarudi usiku wa Noeli, basi uimbwe wote, usifupishwe eti muda umekwenda. Na kwenye Nasadiki, yaani kanuni ya imani, tukifika "akapata mwili", siku hiyo watu hupiga magoti, ilhali Dominika za kawaida huinama tu. Kiongozi asipokumbusha mapema, nusu ya kanisa inapiga magoti na nusu inatazamana. Kwaya nayo isipotulia kidogo hapo, maneno yanapita kabla magoti hayajagusa sakafu. Haya nimeyasema kila kikao. Nimeyasema mpaka wamenichoka.

Kama ni lazima watu washukuriwe, utaratibu upo: baada ya sala ya baada ya Komunyo, penye matangazo mafupi, kabla ya baraka. Wao wakaweka kabla ya sala hiyo, watu wangali kimya wanamshukuru Mungu kwa kile walichopokea. Yaani tulikatiza shukrani ili tushukuru. Dakika 38, Shangazi! Watoto wamelala mabegani, walio mlangoni wameshaondoka bila baraka. Na orodha ya majina haina mwisho. Ukimtaja mpamba maua, aliyefagia yuko wapi? Ukimtaja aliyefagia, aliyeteka maji je? Wakisoma na kiasi alichotoa kila mtu ndiyo balaa zaidi, maana yule mjane wa Marko 12 na senti zake mbili angesomwa wa mwisho, kama angesomwa.

Mwenye waya, lakini, alisomwa wa nne.

Mpango wangu mimi, wa kusoma kadi za shukrani za waumini, ulikuwa wa dakika 6, nao ulifanyika usiku, kabla ya Misa, wakati wa nyimbo za kusubiri. Sikuuingiza kwenye Sala za Waamini kwa sababu zile ni za kuomba, ukizigeuza unaharibu vyote viwili. Kadi ndogo ziligawiwa Dominika ya tatu, zikakusanywa ya nne. Kadi za mwanzo ziliandikwa "Nia yako", na karibu zote zikarudi na maombi: mtihani, kazi, goti linalouma. Si kosa la watu. Mkristo akiona neno "nia" mkono wake unaandika "naomba". Nikazibadilisha zikawa na maneno "Namshukuru Mungu kwa" na mstari mmoja tu chini yake. Mstari mmoja ni makusudi, maana ukimpa mtu ukurasa atashukuru juu na kuomba mara nane chini. Kisha lazima mtu azisome zote kwanza, atoe zenye siri za wengine, kwa mfano anayeshukuru kwamba fulani ameacha ulevi, na jina kaliandika. Zinachaguliwa 7, bila majina. Zisiwe zote za kupona na kupata kazi. Moja iwe ya mtoto, moja ya mfiwa, kwa sababu kuna watu ambao Noeli hii ni ya kwanza wakiwa na kiti kitupu nyumbani, na kuwaambia "shukuruni" bila kuwaachia nafasi ya kulia ni ukatili. Wasomaji wawili, wanapokezana, kati ya kadi na kadi unaacha pumzi mbili. Mwisho kikapu chenye kadi zote, hata zisizosomwa, kinawekwa kando ya pango la Noeli.

Kanisa lilikuwa kimya kabisa. Sijisifu, nakueleza tu.

Kesho yake, kwenye yale majina 11, kadi zilitajwa. Ilisemwa ni "ubunifu wa kamati nzima". Kamati nzima ilipigiwa makofi. Na mwenye waya naye akapigiwa.

Usifikiri nilitaka kutajwa. Sikutaka. Yosefu hajasema neno hata moja katika Injili zote nne, na Luka 2 hainukuu mtu akimwambia asante kwa safari ya kutoka Nazareti mpaka Bethlehemu. Wachungaji waliporudi, Luka 2:20, walimtukuza Mungu, sio mwenye hori. Yote hayo nayajua, ndiyo niliyokuwa nafundisha kwenye semina ya wasomaji. Lakini tena Yesu mwenyewe, aliporudi mkoma mmoja kati ya wale kumi, aliuliza wale tisa wako wapi. Aliuliza, Shangazi. Hakunyamaza. Ingawa najua utaniambia aliuliza kwa nini hawakurudi kumpa Mungu utukufu, hakuuliza kwa nini hawakumtaja yeye. Nimelizungusha andiko hilo tangu saa sita na halinipi upande.

Sasa nimeombwa nipange na ibada ya kufunga mwaka, tarehe 31, ya kuabudu Ekaristi na Te Deum, ule wimbo wa kale wa kumshukuru Mungu. Waliniomba kana kwamba hakuna kilichotokea, na kwao kweli hakuna. Nikikataa watasema nimenuna. Nikikubali, je, mtu ambaye moyo wake unahesabu majina ana haki ya kuwapangia wengine namna ya kushukuru? Au nimwendee Paroko nimweleze taratibu, bila kuonekana nadai? Sidai. Noeli yenyewe haijaisha, inakwenda mpaka sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, Januari, kwa hiyo hata mtu akikumbuka sasa hajachelewa. Sio kwamba nasubiri.

Ratiba ya tarehe 31 nimeshaianza, iko mezani hapa. Robo saa ya kimya mbele ya Sakramenti, kisha Te Deum, kisha baraka, na matangazo dakika 2, hakuna majina. Nimeandika hivyo kwa wino: hakuna majina. Halafu nimekaa nikiangalia neno "hakuna" na sijui nimeliandika kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya mwenye waya.

Nijibu kabla ya tarehe 30, maana wasomaji wanahitaji siku moja ya mazoezi. Na ukiichapisha barua hii, jina langu usilitaje. Safari hii nimeamua mwenyewe.