Barua kwa mjomba wangu kuhusu Mary Shelley na kiumbe aliyetelekezwa

Shikamoo mjomba,

Nakuandikia hadharani kwa sababu uliyoyasema pale sebuleni nimeshayasikia kwa wengi, na ningependa nao wasome. Ulikiona kitabu changu chenye picha ya jitu lenye mishono usoni, ukasema mtu mzima hapotezi muda wake na mazimwi. Kulikuwa na wageni, nikanyamaza. Leo nakujibu, kwa heshima zote: kitabu kile, riwaya ya *Frankenstein*, kinahusu malezi, na katika ukoo wetu simjui anayestahili kukisoma kuliko wewe.

Aliyekiandika ni Mary Shelley, aliyezaliwa London tarehe 30 Agosti 1797. Mama yake, Mary Wollstonecraft, alikuwa ameshatikisa Uingereza mwaka 1792 kwa kitabu cha kutetea haki za wanawake. Alipojifungua, kondo la nyuma halikutoka. Akaitwa daktari, akalitoa kwa mkono, vipande vipande, na homa ya uzazi ikamshika. Tarehe 10 Septemba alifariki. Binti akakua na jina la marehemu, na kaburi la kwenda kukaa kando yake na vitabu, kwenye kanisa la St Pancras.

Alipofika miaka 16 alitoroka na mshairi Percy Shelley, mume wa mtu. Baba yake, William Godwin, mwanafalsafa aliyekuwa ameandika kuipinga ndoa yenyewe, alikataa kuonana naye. Godwin huyo namkasirikia hadi leo. Mwezi Februari 1815 Mary alijifungua mtoto wa kike, njiti, na baada ya siku chache tu mtoto akafa. Mwezi uliofuata aliandika katika shajara yake kwamba ameota kichanga wake kafufuka: kumbe alikuwa amepatwa na baridi tu, wakamsugua mbele ya moto, akawa hai. Akaamka, mtoto hakuna.

Yashike hayo, mjomba, maana watu hupenda kuanzia kwenye kisa cha mwaka 1816 peke yake. Ni kisa kizuri, sikatai. Volkano ya Tambora kule Indonesia ilikuwa imelipuka Aprili 1815, majivu yake yakaharibu hali ya hewa ya Ulaya, na mwaka uliofuata kiangazi kikawa cha mvua na baridi. Mary, Percy na wenzao walikuwa kando ya ziwa la Geneva, wakikutana kwenye nyumba aliyopanga mshairi Byron. Wakishindwa kutoka nje, Byron akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Daktari wake, John Polidori, baadaye alichapisha hadithi ya mnyonya damu mwaka 1819, miaka mingi kabla Bram Stoker hajamleta Dracula mwaka 1897. Mary, mwenye miaka 18, akaanza *Frankenstein*.

Sasa nikuonyeshe sehemu moja. Ni usiku wa Novemba, saa saba, mvua inagonga vioo vya dirisha na mshumaa unakaribia kuisha. Kijana Victor Frankenstein, mwanafunzi wa sayansi, anaona jicho la manjano la kiumbe alichokiunga kwa viungo vya maiti likifunguka. Kazi ya karibu miaka miwili imefanikiwa. Anafanya nini? Anakimbilia chumbani kwake na kujitupa kitandani. Akishtuka usingizini, anamkuta kiumbe amesimama, ameinua pazia la kitanda, anamtazama. Midomo inamchezacheza, sauti zisizoeleweka zinamtoka, na mkono mmoja ameunyoosha kuelekea kwa aliyemuumba. Victor anaruka na kutokomea uani. Mtoto mchanga angefanya kingine kipi zaidi ya kunyoosha mkono?

Filamu ya mwaka 1931 ndiyo iliyotupa lile jitu bubu la kichwa bapa unalolijua wewe. Katika kitabu kiumbe anazungumza, tena kwa ufasaha wa kuumiza roho. Anajificha kwenye kibanda kilichopakana na nyumba ya familia maskini, anawakusanyia kuni usiku, na kwa kuwachungulia anajifunza lugha na kusoma. Siku anapojitokeza, mzee kipofu wa nyumba hiyo anamkaribisha vizuri. Watoto wake wenye macho wanaporudi, mmoja anamshushia fimbo. Baadaye anamwambia Victor: "Nilikuwa mkarimu na mwema, dhiki ndiyo iliyonifanya shetani."

Riwaya ilitoka tarehe 1 Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi. Hata mwandishi maarufu Walter Scott, aliyeisifu, alidhani ni ya Percy. Humo ndani kiumbe anamnyonga mtoto mdogo aitwaye William. Mary alimpa mtoto huyo jina hilo wakati mwanawe mwenyewe, William, yu hai na bado mdogo. Kila nikifika hapo nasimama kwanza. Mwaka 1818 alimzika binti yake Clara huko Venice. Mwaka 1819 William akafa Roma, ana miaka mitatu. Julai 1822 Percy akazama baharini. Mary akarudi London na mtoto mmoja aliyebaki, akamlea kwa kalamu yake na posho ndogo ya baba mkwe, aliyemkataza kuandika maisha ya Percy. Mwaka 1826 alichapisha riwaya nyingine, kuhusu tauni inayowamaliza wanadamu wote mpaka abaki mtu mmoja. Mwanzo wake unakwenda polepole mno, lakini yule mtu wa mwisho ni yeye Mary. Alifariki mwaka 1851, ana miaka 53.

Tangu hapo, kila wanasayansi wakigundua jambo jipya, iwe mbegu za kubadilishwa vinasaba au akili bandia, wapo watakaolitaja jina la Frankenstein kuonya kwamba mwanadamu asivuke mpaka wake. Mimi siafiki usomaji huo. Kosa kubwa la Victor ni kukimbia: alileta uhai duniani kisha akaukana kwa sababu ya sura yake. Ndiyo maana nikakukumbuka wewe, uliyetuchukua watoto wa dada yako tukiwa na vidonda na kikohozi, ukatulaza chumbani kwako.

Kitabu nitakuja nacho Ijumaa baada ya swala, nikusomee huku nakufasiria, maana herufi zake ni ndogo. Ninacho cha mwaka 1818, na ninakipenda kuliko toleo alilolirekebisha mwaka 1831, ambalo linamsukumia Victor kwenye majaaliwa kiasi kwamba lawama inampungukia. Tutaanzia pale kiumbe anaposimulia mwenyewe. Mimi huwa namtetea, lakini ameua mtoto asiye na kosa, na binti wa kazi akanyongwa kwa kusingiziwa mauaji hayo. Hapo nataka hukumu yako, mjomba.

Mpwa wako