Lifti ya bodaboda na chipsi haziji bure

Ndugu Mhariri,

Kila mwanafunzi akipata mimba tunakimbilia kusema watoto wa siku hizi hawana adabu. Mbona hatuulizi alikuwa anafikaje shuleni? Binti anayetembea mwendo mrefu hadi sekondari ya kata, akirudi jioni na tumbo tupu, leo akipewa lifti ya bodaboda, kesho chipsi mayai, keshokutwa vocha, ataona kukataa ni utovu wa shukrani. Wavulana nao husukumwa na wenzao: asiye na demu anaitwa mshamba.

Mimba tunaiona kwa macho; kaswende, kisonono na VVU hatuvioni. Vijana wangapi wanajua kuwa dawa za kuzuia VVU baada ya ngono isiyo salama lazima zianzwe ndani ya saa 72? Hata wazazi, tuseme ukweli, wengi hatujui.

Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu waliojifungua kurudi shule. Vizuri sana. Lakini huku kwetu aliyempa mwanafunzi mimba huketi na wazee, mbuzi wawili hutolewa, kesi ikafa, ilhali sheria inasema miaka 30 jela.

Msomaji wenu,
Morogoro