Moshi wa boila ya kuni unaishia kwa jirani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda sasa. Kila nikisoma habari za boila za kuni na peleti (vijiti vya unga wa mbao ulioshindiliwa), zile za kupashia nyumba joto, naona zimewekwa kapu moja na sola na upepo, eti nishati ya kijani, mti unakatwa unaota mwingine, kaboni inarudi ilikotoka, basi mambo yameisha. Mimi kazi yangu ni kuzifunga na kuzifanyia sevisi hizo boila kwa hiyo msije mkasema huyu anazichukia, zinaniweka mjini, ila kwa kweli hapo watu wanachanganya hesabu mbili. Ya kaboni ni ya miaka mingi na ya dunia nzima, na hata hiyo ina mabishano yake, maana kuni inaungua saa moja na mti unachukua miongo kukua. Ya mapafu ni ya leo usiku, mtaa huu huu. Mti utakaoota badala ya huo uliochomwa haumsaidii chochote mtoto mwenye pumu aliyelala dirisha la tatu kutoka kwenye dohani yako.

Tuangalie kinachotoka kule juu. Moshi wa kuni umejaa chembe ndogo, hizo zinaitwa PM2.5, yani hazizidi mikroni 2.5, mikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu, wakati unywele wa kichwani una kama mikroni 70 hivi, sasa chembe kama hiyo pua haiwezi kuizuia, inashuka mpaka chini kabisa kwenye mapafu na zile ndogo zaidi zinavuka kuingia kwenye damu, ndiyo maana madaktari hawaongelei kikohozi peke yake, wanaongelea na moyo na kiharusi. Humo ndani kuna masizi, kuna lami, kuna na benzopireni ambayo wataalamu wa saratani wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wameshaiweka kundi la 1, maana yake hakuna ubishi inaleta saratani kwa binadamu. Mwaka 2021 WHO walishusha kiwango chao cha PM2.5 kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 mpaka 5 kwa mita moja ya ujazo. Wameshusha kwa sababu madhara yameonekana hata pale hewa ilipodhaniwa ni nzuri. Na mapafu hayaulizi chembe imetoka kwenye dizeli au kwenye mti uliopandwa kwa nia njema.

Mtu atasema jamani, boila za siku hizi si kama za zamani. Ni kweli na nitawatetea waliozitengeneza. Kule Umoja wa Ulaya tangu tarehe 1 Januari 2020 boila mpya ya kuni haiuzwi kama vumbi lake linazidi miligramu 60 kwa mita ya ujazo ya moshi kwa zile za kulishwa kwa mkono, na 40 kwa zinazojilisha zenyewe. Vizuri sana. Lakini hicho kipimo kinafanyika maabara, kuni kavu, mashine mpya, fundi kasimama pembeni. Nyumbani mambo ni mengine kabisa.

Kuni iliyokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiiingiza kwenye boila moto unaanza kwanza kuchemsha hayo maji kabla haujakupa joto wewe, kilo ya kuni kavu inatoa kama kilowati-saa 4, mbichi inatoa kama 2, na kwa sababu moto umepoa zile gesi za kuni haziungui zote, zinapanda na dohani zikiwa bado mafuta na lami, zikikutana na baridi ya nje zinaganda kuwa chembe, nyingine zinaganda humo humo ndani ya dohani. Mimi mlango wa boila ukifunguliwa tu najua. Kama ndani kuna rangi ya kijivu au kahawia kavu, mwenye nyumba anachoma vizuri, kama kuna utando mweusi unaong'aa kama umepakwa vanishi na ukiukwangua na bisibisi unabanduka vipande vipande, huyo anachoma mbichi hata akuapie, na huo utando siku ukishika moto humo ndani ya dohani utaita zimamoto.

Kuna kipimo kidogo cha unyevu cha pini mbili, watu wengi wanacho na hawajui kukitumia, wanachomeka kwenye ncha ya gogo, kinasoma asilimia 15, wanafurahi. Ncha ndiyo inakauka kwanza bwana! Lipasue gogo katikati, chomeka pini kwenye upande mpya uliopasuka sasa hivi, hapo ndiyo utaona ukweli, mara nyingi inaruka mpaka 28 au 30. Inatakiwa iwe 20 au chini ya hapo, na hiyo ndiyo sheria Uingereza waliyoweka tarehe 1 Mei 2021 kwa kuni zinazouzwa mafungu madogo. Kufika hapo kuni inataka ipasuliwe, ifunikwe juu tu, pembeni ipitishe hewa, ikae mwaka au miwili. Sasa nani ana subira hiyo baridi ikishaingia?

La pili ambalo hata wauzaji hawalisemi ni ukubwa wa boila. Mteja anataka kubwa, ya akiba, asije akapata baridi. Boila kubwa kwenye nyumba ndogo inapasha maji chapchap, thamostati, kile kifaa cha kudhibiti joto, inabana hewa, moto unaanza kufuka, na moto unaofuka ndiyo mchafu kuliko wote, usiku mzima unafuka hivyo hivyo. Dawa yake inajulikana, unafunga tangi kubwa la maji pembeni, boila inawaka kwa nguvu zote mara moja, joto linahifadhiwa kwenye tangi, moto unazima kabisa na nyumba inakula joto la tangi taratibu. Ila tangi linataka nafasi na linaongeza gharama, basi mteja anasema tutaweka baadaye, na baadaye haifiki.

Sijagusa wanaotupia mbao zenye rangi, mbao za dawa, plastiki na masanduku. Hao sina la kuwaambia.

Na hali ya hewa haitusaidii. Boila zinawaka zaidi usiku wa baridi usio na upepo, na usiku huo huo ndiyo hewa ya chini inapoa kuliko ya juu, ile ya juu yenye joto inakaa kama kifuniko cha sufuria, moshi unapanda kidogo tu unagonga unarudi kulala usawa wa mapaa. Kwa hiyo dohani chache mbovu zinatosha kuchafua mtaa mzima, na asiye na boila anavuta sawa na mwenye nayo. Yeye hata ule moto hajauota.

Wanaosema haiwezekani kubadilika waangalie Launceston, mji ulioko Tasmania huko Australia, umekaa bondeni. Mwaka 2001 serikali ilianza kuwasaidia watu kutoa majiko ya kuni ya kupashia joto na kufunga ya umeme, nyumba zenye majiko ya kuni zikashuka kutoka kama asilimia 66 mpaka 30, vumbi la hewani kipindi cha baridi likashuka kutoka mikrogramu 44 hivi mpaka 27, na watafiti waliofuatilia wakakuta vifo vya kipindi cha baridi vya moyo na mapafu vimepungua, hasa kwa wanaume. Kraków ya Poland wao walienda mbali zaidi, tangu tarehe 1 Septemba 2019 ni marufuku kuchoma makaa ya mawe na kuni majumbani ndani ya mji. Huko kote watu hawakuachwa wagande na baridi, walisaidiwa kubadilisha, na bila msaada huo marufuku ni kumwonea tu mwenye kipato kidogo ambaye ndiyo kwanza anaokoteza kuni.

Ninachoomba ni hiki. Kwenye miji na mabonde yenye nyumba zilizobanana pesa ya umma isitumike kuongeza boila mpya za kuni, iende kwenye kuziba nyufa za nyumba, kuweka pampu za joto, zile mashine za umeme zinazovuta joto la nje na kuliingiza ndani, na joto la bomba la pamoja, yani maji ya moto yanayosambazwa majumbani kutoka kituo kimoja. Kule mashambani ambako nyumba ziko mbalimbali na hakuna njia nyingine, sawa, ziwepo, ila kwa masharti ya tangi, kuni kavu na fundi wa kupima moshi pale pale nyumbani kila mwaka, cheti cha maabara peke yake hakitoshi. Na ninyi waandishi mkiandika habari ya hizi boila mkitaja kaboni mtaje na PM2.5 kwenye aya hiyo hiyo.

La mwisho, halihusu jirani, linahusu mwenye boila mwenyewe, na nalisema kwa sababu sijaliona likiandikwa gazetini. Peleti zikikaa stoo zinatoa kaboni monoksaidi hata bila kuwashwa, ni gesi ya sumu, haina harufu wala rangi, na watu wameshakufa kwa kuingia tu kwenye stoo ya peleti kukagua. Stoo iwe na tundu za kutoa hewa nje, na kabla hujaingia fungua mlango, subiri hewa ipite, asibaki mtu peke yake humo ndani.

Wako msomaji,
Fundi boila