Vinasaba ni mali ya ukoo, ridhaa ya mtu mmoja haitoshi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa wenu wa afya hoja kwamba kila aliyepimwa vinasaba ayaweke matokeo yake wazi katika intaneti, kwa jina lake, ili watafiti popote walipo wayatumie bila kuomba ruhusa. Nakubaliana na mwandishi kuwa utafiti wa tiba una njaa kubwa ya vinasaba vya Waafrika. Mwaka 2020 watafiti wa H3Africa, mradi wa kuchunguza vinasaba na afya ya Waafrika, walichapisha uchambuzi wa jenomu (yaani vinasaba vyote vya mtu kwa ujumla wake) za watu 426 tu, kutoka makundi 50 ya makabila na lugha barani humu, wakakuta tofauti za vinasaba zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimewahi kuorodheshwa. Anayetengeneza dawa bila kuzijua tofauti hizo anatubahatishia.

Ninapoachana naye ni pale anaposema kuwa uamuzi wa kuweka wazi ni wa mhusika peke yake, maana mwili ni wake. Tuutazame ugonjwa wa selimundu, ambao familia nyingi za Tanzania zinaujua kwa kuuguza. Kijana anayetangaza hadharani kwamba amerithi nakala mbili za jeni ya selimundu, moja kutoka kwa kila mzazi, amewatangaza pia baba na mama yake, kuwa kila mmoja wao anayo walau nakala moja, hata kama hawajawahi kupimwa. Na dada zake ambao posa zao bado zinajadiliwa wameingizwa katika mazungumzo wasiyoyaanzisha. Ikitokea kwamba baba alikwisha kupimwa akaonekana hana jeni hiyo, linazuka shauri jingine kabisa, na sijaona fomu ya utafiti iliyoandaliwa kulituliza.

Hofu hii ina historia. Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi, alifariki mwaka 1951 katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, baada ya madaktari kuchukua chembe za uvimbe wake wa saratani bila yeye kujua. Chembe hizo, zinazoitwa HeLa, zimetumika katika maabara za dunia nzima tangu wakati huo. Mwezi Machi 2013 watafiti wa Ulaya waliichapisha jenomu ya HeLa ili yeyote aisome, na ndipo wajukuu zake walipolalamika kuwa siri za miili yao zimeanikwa pamoja na za bibi yao. Jenomu hiyo iliondolewa hadharani, na mwezi Agosti mwaka huo Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zikaafikiana na familia kwamba mtafiti anayeihitaji aombe kwanza, na maombi yapitiwe na kamati ya watu sita, wawili kati yao wakiwa wa ukoo wa Lacks. Utafiti haukusimama kwa sababu hiyo. Ukoo ulipata kiti mezani, basi.

Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata Joseph James DeAngelo, muuaji aliyesakwa kwa miongo kadhaa, baada ya kulinganisha vinasaba vilivyopatikana katika maeneo ya uhalifu na vile ambavyo jamaa zake wa mbali walikuwa wameviweka katika kanzidata za kutafuta nasaba, GEDmatch ikiwa mojawapo. Sina chembe ya huruma kwake, lakini njia iliyompata yeye inaweza kumpata yeyote, hata asiyewahi kutoa tone la mate yake lipimwe vinasaba.

Na anayejuta baadaye afanye nini? Tovuti ya openSNP, iliyowapa watu nafasi ya kuweka vinasaba vyao wazi tangu mwaka 2011, ilifungwa mwaka 2025 na data zake kufutwa, mwanzilishi wake mmoja akieleza wasiwasi wa jinsi tawala za kimabavu zinavyoweza kuzitumia. Lakini nakala ambazo watu walikwisha kuzipakua hazina wa kuzirudisha.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa taarifa nyeti. Ningependa Tume inayosimamia sheria hiyo, pamoja na kamati za maadili ya utafiti, zidai kwamba fomu ya ridhaa imweleze mtoa sampuli, kwa Kiswahili cha kawaida, nani atakayezishika data, nani atakayezirithi taasisi inayozitunza ikifungwa au kuuzwa, na kwamba ndugu wa damu wana njia ya kuleta pingamizi. Sampuli zangu nitazitoa chini ya utaratibu wa namna hiyo, tena kwa moyo mmoja. Kwa utaratibu anaoupendekeza mwandishi wenu, itabidi kwanza niwaulize kaka na dada zangu, na ningefurahi kusikia kama yeye aliwauliza wa kwake.

Msomaji wenu,
Morogoro